Litazame Bomba Kabla Hujalivisha

Mwanangu,

Juzi baada ya Alasiri ulinijia barazani na vile vitabu vya picha vya makampuni, nikakusikiliza mpaka mwisho, nikanyamaza. Ulidhani nimesinzia. Sikusinzia, nilikuwa natazama picha. Kushoto bomba kuukuu, kutu na mizizi vimelijaa. Kulia bomba lilelile, jeupe, linang'aa kama bakuli la kauri. Katikati pana mshale. Mimi nimefanya kazi ndani ya huo mshale miaka 19, huko Ghuba, mpaka magoti yakaniambia basi. Nimeona nikuandikie, kwa sababu maneno ya barazani hukatizwa na kila apitaye kutoa salamu, na haya sitaki yakatizwe.

Kwanza nikutoe hofu: kazi hii ya kulivisha bomba kuukuu kwa ndani siipingi. Naipenda. Kuna mitaa hapa kwetu ambamo mikokoteni miwili haipishani, na nyumba zake ni za mawe na chokaa, zimeegemeana kama wazee wanaotoka msikitini. Ukichimba mtaro wa futi kumi chini ya ukuta wa namna hiyo ili ubadilishe bomba la majitaka, huenda ukapata bomba jipya na ukakosa nyumba. Anayeweza kulitengeneza bomba bila kuligusa jiwe la juu yake amefanya jambo la rehema. Basi nisikilize kama mtu anayeitakia kazi hii mema.

Unazijua boti za faiba. Umemwona fundi pale pwani akilaza mkeka wa nyuzi za kioo kwenye kalibu, akimimina rezini aliyoichanganya na hadina, akiisugua kwa brashi mpaka weupe wa nyuzi unapotea. Kikishika, kile kitambaa kilichokuwa laini kama shuka ukikigonga kinalia kama ubao. Nyuzi peke yake ni uzi tu, rezini peke yake hupasuka kama kioo. Vikishikana ndipo panapatikana kitu cha tatu chenye nguvu ambayo hakuna hata kimoja kilichokuwa nayo. Soksi ya bomba, maana sisi mafundi tuliizoea kwa jina hilo, ni jambo lilelile, ila linafanyika gizani, chini ya barabara, mahali usipoweza kuingiza mkono kusawazisha ulipokosea.

Fuko refu la kitambaa, la poliesta iliyoshindiliwa au la nyuzi za kioo, hunyweshwa rezini kiwandani huku hewa ikinyonywa ndani yake ili pasibaki uzi mkavu. Linaletwa kwenye chemba. Hapo ama huvutwa kwa winchi mpaka chemba ya pili kisha likajazwa hewa, ama hugeuzwa ndani-nje kama unavyogeuza mkono wa kanzu, likisukumwa na uzito wa maji, na ule upande uliolowa rezini ukaja kukutana na ukuta wa bomba. Halafu hupikwa kwa maji ya moto, kwa mvuke, au kwa gari dogo la taa za mionzi ya urujuanimno linalovutwa polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Likishaiva, roboti huingia na kisu chake kufungua matundu ya nyumba ambayo soksi imeyafunika. Hiyo ndiyo kazi yote ukiitaja kwa maneno.

Aliyeianza ni Mwingereza, Eric Wood. Mwaka 1971, Hackney, mashariki ya London, aliuvisha mfereji wa majitaka wa matofali, wenye umbo la yai, uliokuwa umeshatumika kama miaka 100. Kipande chenyewe kilikuwa mita 70 tu. Hati yake ya ubunifu Marekani ilitoka mwaka 1977 na ikamaliza muda wake mwaka 1994, ndipo kila mwenye kompresa na boila akaingia kwenye biashara, na ndiyo sababu leo mezani kwako kuna vitabu vya picha vya makampuni manne. Miaka 20 baada ya kazi ile ya Hackney walikwenda wakakata vipande vya soksi wakavipima, wakavikuta bado vina nguvu zake. Kwa hiyo mtu akikuambia kitu hiki ni cha majaribio, mwambie hapana.

Lakini akikuambia kitadumu miaka 50, muulize kwa utaratibu: unazungumzia soksi ipi? Miaka 50 ni hesabu ya kwenye karatasi, hesabu nzuri na yenye misingi, ila inachukulia kwamba unene ni ule ulioandikwa, rezini imeiva yote, bomba la nje lina umbo lile lililopimwa, na maji ya ardhini yana kina kile kilichokadiriwa. Kimoja kikiwa uongo, hesabu yote inakuwa ya bomba jingine lisilokuwapo.

Na hapa ndipo ninapotaka unipe sikio. Soksi hufuata umbo la kilichoipokea. Ni laini inapoingia, na ulaini huo ndio sifa yake, kwa sababu hukaa mwilini mwa bomba kama ngozi. Lakini ngozi hiyo ikikuta jiwe, itakuwa na nundu ya jiwe milele. Ikikuta mzizi uliobaki, utaona alama ya mzizi. Pakiwa na maji yanayobubujika kwenye kiungo, rezini itasombwa kabla haijashika. Bomba likiwa limebonyea, nalo bomba jipya litazaliwa limebonyea. Kosa lililokuwamo bombani hubaki palepale, ila sasa ni gumu na limefunikwa weupe.

Umewahi kukaa ukamtazama fundi wa jahazi? Hapigi kalafati mpya juu ya iliyooza. Huichokoa yote, mkondo kwa mkondo, siku nzima yuko chini ya tumbo la chombo, na apitaye husema huyu leo hajafanya kitu. Pamba mpya akiipiga ni kazi ya muda mfupi tu. Kwenye mabomba ni vilevile: siku ya kuvisha soksi ni moja, tena watu hujaa kuitazama, na wakubwa huja wakapigwa picha. Siku za kusafisha kwa jeti, kupitisha kamera, kurudia kusafisha, kurudia kamera, hakuna ajaye, na hizo ndizo siku ambazo makampuni huzikata ili yashushe bei yapate zabuni. Ukiletewa bei ya chini mno usifurahi kwanza. Fungua ukurasa wa usafishaji uone wamekata nini.

Nitakusimulia jambo moja, na kampuni sitaitaja. Ilikuwa Agosti, joto lile la Ghuba ambalo ukiacha koleo juani hulishiki tena. Soksi zetu zilikuja kwenye lori la baridi, zimekunjwa katikati ya barafu, kwa sababu rezini ile huanza kuiva yenyewe ikipata joto, na ikiivia njiani unakuwa na gogo la tani kadhaa lisilofaa hata kuwa benchi. Lori likifika saa huanza kuhesabu. Kazi yetu ilikuwa mtaa wa majumba, bomba la majitaka lenye matawi 12 ya nyumba. Mimi ndiye niliyekaa na kamera, nami ndiye niliyeandika: tawi la kwanza mita 4, upande wa kulia, la pili mita 9, kushoto, mpaka la 12. Orodha ile ndiyo macho ya roboti, maana soksi ikishaingia humo ndani hakuna dalili ya tundu ila kijibonde kidogo, na mara nyingine hata kijibonde hakionekani.

Tawi la 7 lilikuwa kavu. Lina vumbi kidogo, wala halina dalili ya maji. Nikasema tumwage rangi chooni mwa nyumba ile tuone kama itatokea. Tukaenda tukagonga, nyumba imefungwa, wenyewe wamesafiri kukimbia kiangazi. Msimamizi akatazama saa, akatazama lori, akasema hilo limekufa, lifute. Kule mabomba yaliyokufa ni mengi, na ukitoboa tawi lililokufa unafungua mlango wa maji ya ardhini na mchanga, kwa hiyo hakusema neno la kijinga. Mimi nilikuwa na kalamu. Nikafuta.

Septemba mwenye nyumba alirudi, bibi mtu mzima, na wajukuu zake. Siku ya tatu maji yalianza kupanda kwenye tundu la sakafu ya bafu. Usiku yakavuka kizingiti. Tulipoitwa, nilimkuta amekaa kwenye kiti ukumbini, miguu ameiinua, na zulia lake la kuswalia limelowa majitaka nusu yake, ile nusu nyingine amejaribu kuikunja aiokoe. Hakupiga kelele. Aliniuliza kwa Kiarabu, kwa sauti ya chini, kwa nini. Tulilitoboa tawi lile siku ileile, robo saa tu ya roboti. Zulia hatukuweza kumrudishia. Miaka mingi imepita, na kila nikiona orodha ina mstari uliofutwa mkono wangu hukumbuka kalamu ile.

Basi nyumba ikifungwa, subiri. Lori likiwa njiani, lirudishe. Na kabla hujaagiza soksi, jiulize lori hilo litapita wapi hapa kwetu, litakaa kwenye foleni ya bandarini saa ngapi, na umeme wa chumba cha baridi ukikatika nani ana jenereta. Joto letu halina kiangazi cha kukimbia.

Sasa nikueleze mabomba yanakufaje, kwa sababu wengi wanaoshika zabuni hawajui, na usipoyajua maradhi huwezi kujua ukate wapi. Bomba la zege la majitaka haliliwi na maji yanayopita. Ndani ya utelezi ulioganda chini ya maji kuna vijidudu vinavyogeuza salfeti kuwa ile gesi ya yai bovu. Gesi hupanda, ikaenda kukaa kwenye unyevu wa dari ya bomba. Huko juu kuna vijidudu vingine, na hivi huigeuza gesi kuwa asidi ya salfuri. Mtafiti aitwaye Parker aliyaeleza haya Melbourne mwaka 1945, na tangu hapo hakuna sababu ya mhandisi kushangaa. Asidi hula zege kutoka juu. Ukishuka chemba ya namna hiyo ukachokoa dari kwa bisibisi, hutoka unga mweupe uliolowa, kama chokaa iliyosahauliwa mvuani, na kokoto zinaning'inia bila kitu kinachozishika. Chini, palipo na maji, zege bado ni zege. Katika nchi za joto mambo haya huenda mbio zaidi, kwa sababu vijidudu hupenda joto kama wadudu wengine.

Kwa hiyo ukiletewa mkanda wa kamera unaoonyesha maji yakipita vizuri na sakafu nzuri, sema asante, kisha uliza: dari iko wapi? Mtazamaji mvivu hutazama mbele. Kamera nzuri huinua shingo. Tena uliza unene uliobaki, kwa sababu soksi ya bomba ambalo bado linabeba udongo wake ni nyembamba, na soksi ya bomba lililokata tamaa lazima ibebe yenyewe udongo, maji ya ardhini na magari. Kanuni ya Marekani inayofuatwa na wengi, ASTM F1216, inatenganisha hali hizo mbili waziwazi. Mkandarasi anayehesabu bomba lako kuwa zima kidogo, wakati wewe umeona kokoto zinaning'inia, amekuuzia shati kwa bei ya koti.

Sasa tuje kwenye makalavati, yale mapito ya maji chini ya barabara, maana idara yenu ina makalavati mengi kuliko mabomba ya majitaka, na najua huko ndiko utakakotumwa kwanza. Yale ya bati la mawimbi lililopakwa zinki yana ugonjwa wa kinyume. Dari yake inaweza kuwa bado ina mng'aro wa zinki, lakini sakafu imeliwa, kwa sababu mchanga na kokoto za kila masika huisugua kama msasa, zinki ikaondoka, kutu ikaingia. Kwanza unaona matundu ya sindano. Baadaye unaingiza kidole, na mwishowe ngumi. Kinachokuja baadaye hukioni ukiwa umesimama mdomoni pa kalavati: maji hupita kwenye matundu yale, huchukua udongo mwembamba wa chini na wa pembeni, huuondoa kidogo kidogo, na tuta la barabara huanza kuwa na mapango. Juu lami imekaa sawasawa. Mabasi yanapita. Siku moja lami yenyewe ndiyo inabeba basi, na lami haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Sasa mtu akija akavisha soksi nzuri ndani ya kalavati la namna hiyo bila kuyajaza mapango, amevisha mgonjwa wa moyo kanzu mpya. Gonga. Chukua nyundo ndogo, ingia kama kipenyo kinakuruhusu na hewa imepimwa, gonga ukuta kila hatua, usikilize. Udongo ulioshikana hujibu kwa sauti nzito, pango hujibu kama ngoma. Palipojibu kama ngoma patobolewe, pashindiliwe saruji nyepesi, polepole, maana ukisukuma kwa nguvu utalibonyeza bati lenyewe. Kisha ndipo uzungumze habari ya soksi.

Na hapo pia kuna hesabu ambayo nakuomba uifanye kwa mkono wako, usimwachie mwenye kuuza. Watakuambia: soksi inapunguza kipenyo kidogo, lakini ni laini, mawimbi ya bati yanapotea, kwa hiyo maji yatapita mengi zaidi kuliko zamani. Ni kweli, na si kweli. Chukua kalavati la milimita 900, livishe soksi ya milimita 20, unabaki na 860. Ikiwa maji yanazuiwa na urefu wa bomba na ukwaruzi wake, ulaini utakulipa zaidi ya ulichopoteza, kwani ukuta wa soksi una msuguano kama nusu ya ule wa bati la mawimbi. Lakini makalavati mengi mafupi ya barabarani hayatawaliwi na tumbo, yanatawaliwa na mdomo. Maji yanarundikana mlangoni yakisubiri kuingia, na mlango haujali kwamba ndani pamelainishwa. Hapo umepoteza karibu sehemu 9 katika kila 100 za mlango, bila fidia. Labda si kitu. Labda ndiyo tofauti kati ya maji kufika ukingoni mwa barabara na kuipanda. Piga hesabu kwa mvua za leo, maana aliyelizika kalavati lile alipima mvua za wakati wake. Mdomo unaweza kupanuliwa kwa zege lililoviringwa vizuri, na huo ni ujenzi wa kawaida tu, mafundi wetu wanaujua. Na ule upande wa kutokea, kumbuka maji yaliyolainishiwa njia hutoka kwa kasi zaidi. Panga mawe.

Tena kuna makalavati ambayo hayana haja ya soksi wala ya saruji. Yana haja ya mtu na koleo. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu, Kenya, maji ya mvua yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli yalilipasua tuta yakashuka juu ya watu waliolala. Njia ya maji iliyopita chini ya tuta ilikuwa imezibwa na takataka za mafuriko. Walikufa zaidi ya watu 40. Nilisikiliza habari ile redioni nikaiondoa sauti, kwa sababu nilijua njia ya namna hiyo ikoje kwa ndani kabla haijaziba: tawi moja limekwama, nyasi zimelishika tawi, mchanga umezishika nyasi. Mwanangu, usije ukakubali fedha za kuvisha kalavati ikiwa hakuna senti iliyowekwa kando ya kulisafisha kila mwaka kabla ya masika na kabla ya vuli. Andika hilo kwenye barua yako ya kwanza. Wakilifuta, liandike kwenye ya pili.

Neno la hewa nitalisema kwa ufupi lakini ulishike kuliko yote. Asiingie mtu chemba kabla kipimo cha gesi hakijashushwa kwa kamba. Gesi ya yai bovu ikiwa kidogo inanuka, ikizidi huiua pua kwanza, ndipo imwue mtu, kwa hiyo harufu ikipotea ghafla si dalili njema, ni dalili ya kupanda ngazi. Na akianguka mmoja, wa pili asishuke kumfuata bila mtungi wa hewa, hata kama ni ndugu yake. Wengi waliokufa chembani walishuka kuokoa. Rezini nayo ina yake. Ile harufu kali unayoisikia kwenye karakana ya boti ni staireni, na bomba likipikwa kwa mvuke staireni hutoka na ule moshi mweupe. Kwa miaka tulikuwa tukiwaambia watu wa mtaa ni mvuke tu, msiogope. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha vipimo vyao kuonyesha kwamba moshi ule umebeba kemikali kadhaa na hata vitone vya rezini isiyoiva. Nilipoisikia habari hiyo niliwakumbuka watoto waliokuwa wakija kucheza kwenye ule moshi, nasi tukiwaacha. Wewe usiwaache. Wape watu wa mtaa taarifa siku tatu kabla, waambie wamwage maji kwenye matundu ya sakafu na vyoo visivyotumika ili mtego wa maji uzuie harufu, waweke watoto mbali, na mafundi wako wavae barakoa za kweli, si kitambaa cha vumbi.

Kuna mtu ataniuliza, na huenda ni wewe: mbona unatuwekea masharti mengi, wakati mabomba yanavuja leo? Sote tumelelewa na methali ya ufa na ukuta. Nimeifikiria sana methali ile nikiwa chini ya ardhi. Inamsema mtu anayeuona ufa kila akifungua mlango na akauacha. Mabomba hayako hivyo. Ufa wake hauonekani na mtu yeyote, kwa hiyo hakuna anayeona haya. Meneja anakuja, anakaa miaka minne, anaondoka, na bomba halijamwambia kitu. Kuziba si kazi ngumu, hata hapa fedha hupatikana ikibidi. Kazi ngumu ni kwenda kutazama wakati ambapo hakuna aliyelalamika, kisha kuja juu na kusema ulichokiona, ilhali uliowaambia walikuwa wanalala usingizi mzuri.

Na soksi ndiyo inayodai hivyo kuliko namna nyingine zote za kutengeneza. Anayechimba na kubadilisha anaweza kuchelewa, kwani bomba lililoporomoka na lililoanza kuvuja kwake ni moja, yote yanatolewa. Soksi inahitaji bomba la kuivaa. Umbo likishapotea, kipenyo kikabonyea kupita kama sehemu moja ya kumi, wenye hesabu huanza kusita, na dari ikishaanguka hakuna wa kumvisha. Kila mwaka unaopita bila kamera, mabomba kadhaa ya mji wako yanatoka katika orodha ya yanayoweza kuvishwa na kuingia katika orodha ya kuchimbwa, kimya kimya, bila barua. Kwenye ile mitaa ya nyumba zilizoegemeana, orodha ya pili maana yake nimeshakuambia.

Mkanda wa kamera ukishakuja, utunze. Mficha maradhi kilio humfichua, na nimeona mikanda mingi iliyofichwa kwa sababu ilionyesha kazi mbovu ya mtu mwenye jina. Andika mita, andika tarehe, weka nakala tatu, moja kwa mtu asiyefanya kazi nawe. Ile ya kabla ya soksi na ile ya baada zikae pamoja. Na kipande cha soksi kikatwe mwishoni mwa kila kazi, mbele ya macho yako, utie saini juu ya kipande chenyewe kwa kalamu isiyofutika, kipelekwe maabara kupimwa unene na ugumu. Usikubali kipande kinacholetwa kwako kimeshakatwa. Sisemi watu ni wezi. Nasema kiwandani kuna vipande vingi vizuri, na mkandarasi aliyechoka saa nane ya usiku ni binadamu.

Utachoka, najua. Mimi mwenyewe nimechoka, na miguu hii siku hizi inashuka ngazi ya barazani kwa kuhesabu. Sikukuandikia ili nikuongezee mzigo, ila uliniuliza kama kitu hiki kinafaa, nami sikuweza kujibu ndiyo au hapana nikalala.

Lile kalavati la njia ya skuli, karibu na mikoko, nimepita hapo mara mbili mwezi huu. Upande wa baharini lami imeanza kuzama, upana wa sinia hivi, na maji ya mvua yanasimama palepale kila siku. Hakuna aliyelalamika bado. Jumamosi maji yatakupwa mapema, kama saa mbili za asubuhi patakuwa pakavu mpaka mdomoni. Njoo na kipimo cha gesi, kamba na taa nzuri. Nyundo ninayo, ile ya mpini mweusi. Mimi sitaingia, nitakaa pale juu ya mawe nikusikilize ukigonga, na utaniambia sauti inabadilika mita ya ngapi.